Trela ya mawasiliano ya kukodi hadi Loiyangalani: mitambo safi, magurudumu kagua mwenyewe

Nianze na sifa, kwa sababu ni haki yake. Vifaa vya mawasiliano vya trela hii havikutusumbua hata siku moja. Dishi la Starlink lilishika setilaiti bila kubembelezwa, sola ilijaza betri, na jenereta tuliiwasha usiku tu. Kilichotutoa jasho ni chuma cha chini: ndoano, minyororo, beringi na tairi. Tuliikodi Nairobi kwa kazi ya kusajili familia za msaada wa chakula huko Loiyangalani, upande wa mashariki wa Ziwa Turkana, tukaivuta kwa Land Cruiser ya pikapu.

Hadi Laisamis ni lami, na lami hudanganya. Baada ya Isiolo, kwenye mteremko, mwendo ukiwa kilomita 80 kwa saa, trela ilianza kutikisa mkia. Dereva wetu, mzee wa njia za kaskazini, hakugusa breki wala hakupigana na usukani. Aliachia mafuta taratibu mpaka ikatulia, ndipo akaegesha kando. Kufungua sanduku tu, jibu likaonekana: kampuni ilikuwa imepakia madumu ya dizeli na betri za akiba nyuma kabisa ya ekseli. Trela ya tani moja na nusu inapaswa kulalia ndoano ya gari kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake, yaani kilo 150 hadi 225. Ya kwetu utingo aliinyanyua pua yake peke yake, akacheka. Tukahamishia mizigo mbele, na mchezo ule ukaisha.

Minyororo ya usalama nayo ipishanishwe chini ya ndoano, ili trela ikichomoka pua yake iangukie juu ya minyororo badala ya kuchimba barabara. Mmoja wa ile tuliyopewa ulikuwa umeunganishwa kwa waya wa kufungia mabati! Mzee alikataa kutoka yadi mpaka ukabadilishwa.

Ukikata kushoto Laisamis unaingia ile barabara iliyotengenezwa upya kwa ajili ya kupitisha mitambo 365 ya mradi wa umeme wa upepo. Ni pana, lakini ni ya changarawe, na mikunjo yake hutetemesha kila nati. Kila tulipopumzika, utingo aliweka kiganja kwenye vitovu vya magurudumu yote mawili ya trela. Yakiwa na uvuguvugu unaolingana, twende. Kabla ya South Horr lile la kushoto halikushikika kwa moto, na tulipolifungua, grisi ilikuwa imekauka na kuwa unga mweusi. Beringi ya akiba haikuwemo, ikabidi tuioshe kwa dizeli, tupake grisi yetu na kujikokota.

Hapa kuna swali ambalo sijaona mtu akiliuliza wakati wa kukodi: gurudumu la trela lina matundu mangapi ya nati? La Cruiser yetu matano, la trela sita. Kwa hiyo akiba mbili tulizobeba kwenye gari hazikuwa na faida kwa trela, nayo ilikuja na akiba moja tu. Kule mbele mawe meusi ya volkano hupasua tairi ubavuni, mahali ambapo kiraka hakishiki. Tairi moja ya trela ilipasuka, tukamaliza safari bila akiba.

Sasa mlingoti wa trela, ule unaobeba antena ya redio. Mradi ule wa upepo haukujengwa kule kwa bahati: upepo hubanwa kati ya Mlima Kulal na Nyiru, hukaza usiku hadi asubuhi na kulegea mchana ukisonga. Tuliusimamisha alasiri, mbali na nyaya za umeme na mikoma. Kwanza magurudumu yalizuiwa kwa mawe, miguu ya pembeni ikakanyagishwa vipande vya mbao, pimamaji ikasoma sawa, kisha ndipo winchi ikazungushwa, watu wakikaa mbali na waya. Urefu kamili ni mita 12. Sisi tuliuachia nusu, na redio za mkononi zilisikika vijiji vyote tulivyohitaji. Usiku wa kwanza upepo ulipovuma nyaya zinazoushikilia mlingoti ziliimba, na fundi aliamka kukaza moja iliyolegea.

Ethi, yaani njia ya kupeleka umeme wa radi ardhini, ilitutesa zaidi. Fimbo ya shaba iligonga mwamba ikapinda. Tuliishia kuzika fimbo mbili kwenye udongo wenye unyevu karibu na kisima, tukavuta waya mnene hadi kwenye trela. Watu wengi hupuuza hatua hii kwa kuwa kule mvua ni adimu, lakini mlingoti wa chuma kwenye uwanda mtupu ndio radi huutafuta.

Kama kazi yako ni ya kijiji kimoja na kompyuta chache, usijisumbue: dishi na betri nyuma ya gari vinatosha. Trela inalipa ukikaa muda na ukihitaji redio zifike mbali. Mimi nitaikodi tena, ila mzee wetu ndiye atakayeikagua yadini, na mkataba utataja beringi za akiba. Kampuni imekata bei ya tairi kwenye amana yetu, nami nimewatumia picha za ile grisi. Bado hawajajibu.