Mafuta ya mwarobaini: dawa ni kweli, lebo ndiyo yenye kasoro

Nianze na harufu, maana ndiyo inayokupokea. Ukifungua kifuniko unakutana na kitunguu saumu kilicholala, nyuma yake karanga zilizochacha. Hiyo ni kazi ya viambata vyenye salfa, na mimi huiona dalili njema: mafuta ya mwarobaini yasiyonuka yamesafishwa mno, na katika kusafishwa huko mara nyingi azadiraktini, kile kiambata kinachowadhibiti wadudu, nayo huondolewa.

Kukipoa yanaganda mazito kama samli. Niliiweka chupa kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu yakalegea. Maji ya moto hapana, kwani joto kali huivunja azadiraktini, na jua vilevile. Kwa hilo nawapongeza watengenezaji: chupa yao ni ya kahawia iliyokoza, haipitishi mwanga ovyo.

Niliyanunua kwa ajili ya vidukari waliojazana chini ya majani ya mawaridi. Kijiko kidogo cha mafuta kwa lita moja ya maji, matone machache ya sabuni ya maji ili yachanganyike, tikisa, nyunyiza jioni. Ukitarajia kuokota mizoga kesho yake utayatupa bure. Azadiraktini humkatisha mdudu hamu ya kula na kuvuruga homoni zinazomwezesha kuambua ngozi, kwa hiyo wadogo wanakwama hawakui. Walipungua taratibu, na machipukizi yaliyofuata yakatoka yamenyooka, hayajajikunja.

Kilichoniudhi ni lebo. "Asilia asilimia mia" kwa herufi kubwa, halafu orodha ya viambata vya mwarobaini: nimbini, ile iliyotengwa na mwanakemia Salimuzzaman Siddiqui mwaka 1942, ipo, salanini ipo, azadiraktini ipo. Kiasi cha azadiraktini? Kimya. Jamani, hicho ndicho tunacholipia! Maabara ya mwanakemia Steven Ley kule Cambridge, Uingereza, ilihangaika miaka 22 mpaka 2007 ndipo ikaweza kuiunda molekuli hiyo, kwa hiyo ya madukani inatoka kwenye mbegu, na mbegu hazifanani. Mti, ukavu, uhifadhi, ukamuaji, vyote vinabadilisha kiasi. Chupa mbili za lebo moja zinaweza kuwa na nguvu mbili tofauti kabisa, nami nisijue nipunguze maji au niongeze.

Na kuna lile la nyuma ya chupa, kwa maandishi madogo: "Husafisha tumbo, kijiko kimoja asubuhi." Hapo wamevuka mpaka. Mafuta ya mbegu si chai ya majani. Kuna watoto wadogo waliomezeshwa wakatapika, wakalegea, wakapata degedege, na wengine walikufa. Mstari huo ufutwe, na badala yake waandike "usimeze" kwa zile herufi kubwa wanazozipenda.

Kwa mawaridi, nyota nne. Kwa lebo, moja, tena ni ya rangi ya chupa.