Mishumaa ya mabaki, Isevya: ya kopo chukua, ya rangi acha

Bei kwanza, maana ndilo swali la kila mgeni anayeuona ule mshumaa mnene wa manjano pale mapokezi ya gesti yangu. Kuna mama mmoja Isevya, hapa Tabora, anayeyusha mabaki ya mishumaa na kutengeneza mipya. Ukimpelekea nta yako mwenyewe, anatoza shilingi 300 kwa mshumaa wa kopo dogo la nyanya. Kama huna nta, anakuuzia kwa 800. Ule mnene, anaoumiminia kwenye kipande cha bomba la maji la inchi mbili, ni 2,500, na hapunguzi hata ukikaa ukamaliza chupa yake ya chai.

Mimi nina gesti karibu na stesheni ya Tabora. Hapa ndipo reli ya Mwanza na ya Kigoma zinapoachana, kwa hiyo wageni wangu wengi wanalala nusu usiku tu. Kila chumba lazima kiwe na mshumaa na kiberiti, maana umeme ukikatika saa nane usiku mtu hawezi kuanza kupapasa kuta za nyumba asiyoijua. Mgeni anawasha kidogo, anazima, alfajiri huyo kaondoka. Vipande vilivyobaki vilikuwa vinajaa ndoo, na binti wa usafi alikuwa anawashia mkaa. Pesa yangu hiyo inateketea jikoni.

Mama anafanyia kazi uani kwake, chini ya mwembe. Ndoo yako anaimwaga kwenye ungo kwanza, anachambua kama mchele: njiti za kiberiti, tambi zilizoungua, karatasi. Safari moja akashika kitu, akakiinua juu.

"Mwanangu, wageni wako wanakula chakula juu ya mshumaa?"

Ulikuwa mwiba wa mgebuka. Nikamwambia mama nisamehe, hao ni watu wa Kigoma, wanasafiri na samaki wao.

Nta haiweki juu ya moto moja kwa moja. Sufuria kubwa ya maji iko jikoni, ndogo yenye nta inakaa ndani yake, na maji yakichemka nta haiwezi kupita joto la maji. Nalisema hili kwa sababu najua kuna watakaotaka kujaribu nyumbani kwa kikaango. Nta ikishika moto usiimwagie maji, yatairusha mpaka kwenye dari. Funika na mfuniko, zima jiko. Ikishayeyuka anaichuja kwa kitambaa cha pamba. Uchafu ukibaki unapanda kwenye utambi na kuuziba, ndiyo maana mishumaa mingi ya kujitengenezea inawaka kwa kusuasua.

Kwenye utambi ndipo nilipomvulia kofia. Anasuka uzi wa pamba mwenyewe, na kila uzi anaoletewa anauchoma ncha kabla ya kuupokea. Ukijikunja ukawa kishanga cheusi kigumu, ni nailoni, anautupa. Ukibaki majivu laini, ni pamba. Halafu anauchovya kwenye nta, anaunyoosha, anauacha ukauke ukiwa wima kama msumari. Wa kopo anausuka nyuzi tatu. Ule mnene wa kwanza alionitengenezea ulikuwa na utambi huohuo mwembamba, ukawa unazama kwenye dimbwi la nta na kuzima wenyewe. Nilimrudishia. Hakubisha, aliuyeyusha mbele yangu akasuka utambi mnene zaidi, na huo ndio ulioko mapokezi sasa. Utambi ukizidi unene nao unatoa masizi, kwa hiyo anapima kwa jicho, na jicho lake ni zuri.

Rangi ya manjano inatokana na nta ya nyuki. Tabora hatuna shida ya nta ya nyuki, watu wa asali wakishakamua masega inabaki, na yeye anainunua kwao na kuchanganya kidogo kwenye mabaki yetu. Faida yake utaiona Oktoba. Mishumaa myeupe ya dukani niliyoacha dirishani iliinama yote. Ya kwake ilisimama. Nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64, hiyo nyeupe ya bei rahisi mara nyingi inalegea mapema zaidi. Na harufu yake ni ya asali hasa, wageni wanauliza nimepuliza nini chumbani.

Sasa kasoro. Mshumaa wa kopo ni salama, hauanguki na haumwagi nta kwenye kitambaa cha meza, lakini moto ukishuka chini ya ukingo mwanga unabaki darini tu. Kwa mgeni anayetafuta ndala unatosha, kwa mwanafunzi anayesoma hautoshi. Huyo mnunulie ule mnene. Kopo linapata moto pia, liweke juu ya kisahani.

Ya rangi, ile myekundu na ya bluu anayouza wakati wa Krismasi, siipendekezi kabisa. Anaitia rangi kwa kuyeyushia humo kalamu za nta za watoto, na zile chembe zinaziba utambi vilevile kama uchafu anaohangaika kuuchuja. Inapendeza ikiwa haijawashwa. Nimemwambia, akasema kina mama wanaipenda, na biashara ni biashara.

Jambo jingine, nta yako huipati wewe. Anachanganya ya wote sufuria moja, kisha anakupa kwa uzito. Kilo moja ya mabaki ikitoka safi inajaza makopo kumi na matatu, kumi na manne. Nilinung'unika mwanzoni, nikitazama nta yangu safi ikiungana na ya jirani iliyojaa masizi. Nimeacha kunung'unika kwa kuwa mizani yake haichezi. Ila akisema njoo Alhamisi, wewe nenda Jumamosi.

Makopo peleka yako, umeyaosha na kubandua karatasi, atakupunguzia shilingi 50 kila moja. Glasi usipeleke: anamimina nta ya moto kwenye glasi baridi, na yangu mbili zilipasuka palepale. Nilimwambia azipashe joto kwanza. Tangu hapo anakataa glasi za watu wote.