TAHADHARI: "azola" niliyouziwa siyo azola

Jamani mnaofuga kuku na samaki someni hii kabla hamjatuma hela. Wiki tatu nyuma niliona tangazo la mbegu ya azola, ule mmea mdogo wa kuelea majini wa kulishia kuku na samaki, kilo elfu 20 na nauli ya basi juu yangu, picha kali kweli, nikatuma kwa simu na kesho yake mzigo ukafika kwenye kiroba kimelowa chapachapa. Nikamwaga kwenye kibwawa changu cha turubai nyuma ya banda. Kuku nikiwatupia wanadonoa mara moja wanaondoka, nikasema labda hawajazoea. Siku ya kumi hivi bwawa limefunikwa lote, majani yamejikunja katikati yakasimama kama kitabu kimefunuliwa nusu, ndo nikashtuka, azola gani ina majani mapana kama kidole gumba??

Nikamrushia picha binamu yangu aliyesomea uvuvi, akaniambia chukua jani moja lisogeze machoni. Juu yake kuna vinyweleo vimesimama, kila kimoja kimegawanyika mara nne halafu ncha zimekutana tena, kama ile waya ya kupigia mayai ila ndogoo. Hiyo ni salvinia bwana, gugu la majini. Asili yake Brazili, watu waliisambaza kama pambo la matangi ya samaki na vibwawa vya bustani, ikatoroka. Ziwa Kariba kufikia 1962 ilikuwa imefunika karibu kilomita za mraba 1,000, na Naivasha kule Kenya ilisumbua mpaka wakaletwa fukusi wake maalum wa kuila.

Tapeli anapata pa kujificha kwa sababu zote mbili ni ndugu, ni kangaga za kuelea majini. Ila azola majani yake ni madogo yamepandana kama magamba ya samaki, mmea mmoja ni kama ukucha tu, chini vinaning'inia vimizizi vyembamba, na jua likiwa kali inageuka wekundu. Salvinia haina mizizi kabisa, yale manywele ya kahawia chini ni jani la tatu limezama.

Nilipomuuliza muuzaji kanijibu "boss hiyo ni azola ya kisasa, haibridi". Haibridi!! Hela sirudishiwi, hiyo nimeshasamehe.

Kama na wewe umeletewa, tafadhali usimwage mtaroni wala mtoni, haihitaji mbegu, kipande kidogo tu kikifika kwenye maji kinachipua upya. Mimi nimeiopoa yote kwa chandarua kibovu, nikaianika juu ya bati mpaka ikawa inavunjika mkononi, nikaichoma. Turubai nalo nimelisugua na kulianika.

Namba yake siweki hapa, ila picha ya tangazo ina beseni la bluu, na picha hiyo hiyo nimeikuta kwa wauzaji wengine wawili. Kabla hujatuma hela, mwambie muuzaji akutumie video ameshika mmea mmoja kwenye kiganja, karibu na kamera. Mimi nilimwomba hivyo ndo akanibloku.