Uzoefu wangu na mashine ya kutafuta vyuma hapa Nyali, na lile dude zito

Tangu niweke kwa stetasi picha za lile dude zito nililolichimba ufuoni kwa mashine yangu ya kutafuta vyuma, watu hawanipi nafasi, mashine gani, bei gani, yafanya kazi kweli ama ni utapeli, kwa hiyo wacha niandike yote hapa. Ni ile ya bei ya chini, skrini ndogo na sahani ya duara (hiyo sahani ndiyo inayonusa chuma chini ya mchanga), niliagiza mtandaoni na mpaka inanifikia Mombasa ilikuwa kama shilingi elfu 14 hivi. Kwa mchanga mkavu, kule juu watu wanakotandika leso zao, iko sawa kabisa, yalia vizuri na namba ya kwenye skrini inatulia. Shida ni mchanga uliolowa. Maji ya chumvi yapitisha umeme, sasa hizi mashine za frikwensi moja zayaona maji yenyewe kama chuma, kila ukishusha sahani ni kelele tu, mpaka upunguze nguvu karibu nusu ndio inyamaze na hapo tena haifiki chini sana. Mwenye pesa zake anunue ya frikwensi nyingi.

Na zile namba za skrini msiziamini sana jamani. Kitabu chake chajigamba kuwa namba yakwambia ni madini gani, kumbe kishikio cha kopo la soda na pete ndogo ya dhahabu zaweza kutoa namba ileile, ukikataa kuchimba vishikio basi na pete umeiwacha. Vizibo nilivyochimba mimi nimeacha kuhesabu.

Haya, lile dude. Ilikuwa bamvua, maji yamekupwa mbali, mashine ikalia sauti nene isiyokatika na namba ya katikati, nikajua ni kopo tena. Nachimba natoa kitu urefu wa shibiri moja, chini kinene juu chembamba, kwa juu kina tundu la kamba na kitako chake kimebonyea ndani kama kikombe cha kahawa. Kizito ajabu. Nje kina ukoko mweupe, nikakikwaruza na ufunguo pakang'aa kama fedha. Sumaku haikishiki.

Hapo ndio maneno yakaanza. Jirani asema ni bomu, mwengine asema ni mali ya Mreno kutoka ile meli ya Santo António de Tanná iliyozama mbele ya Fort Jesus 1697 Waomani walipoizingira ngome, shangazi yangu yeye akasema kirudishe kina wenyewe, yaani wale majini wa baharini. Mwenye duka la vyuma chakavu ndiye peke yake hakuwa na hadithi, alitaka kupima kilo tu.

Kilichonisaidia si mashine, ni mizani ya kuning'iniza na ndoo. Kavu kilikuwa kilo 2.7, nikakizamisha ndani ya maji kikiwa bado kwenye mizani (kisiguse kitako cha ndoo) ikasoma 2.46. Tofauti ni 0.24, ukigawa 2.7 kwa hiyo wapata kama 11.25, yaani ni kizito mara 11.25 kuliko maji ya ukubwa uleule. Chuma ni kama 7.9, shaba iko kwenye 8.9, risasi (yale madini, si ya bunduki) ni 11.3, basi hii ni risasi hakuna mjadala. Na risasi ni sumu, ukishaishika nawa mikono kabla hujagusa mhogo wako.

Nikaenda nacho Bandari ya Kale kwa mzee mmoja aliyesafiri sana na majahazi. Nikamwamkia shikamoo ami, hata sijamaliza kueleza akakigeuza akaingiza kidole pale kitakoni, akasema "Mwanangu hii bildi, hapa twatia shahamu." Kumbe wakiifunga kamba na kuitosa, kamba yawapa kina kwa pima, na yale mafuta yarudi na kilichoko chini, mchanga, matope ama vipande vya kombe, nahodha ajue yuko juu ya nini kabla hajatia nanga. Nikamuuliza ni ya zamani gani akacheka, umbo lake ni hilohilo toka enzi na enzi, kwa kuangalia tu hutajua kama ni ya Mreno ama ya babu wa juzi. Jirani yangu hajaridhika na jawabu hilo mpaka leo.

Picha na mahali nilipokitoa nimewapelekea watu wa Makumbusho, maana sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006 yataka vitu vya kale viripotiwe, na msije mkaenda na mashine kwenye magofu ama karibu na ngome, huko kuchimba bila leseni ni kesi.

Kwa mashine natoa nyota 3 kwa 5. Ukiwa wa mchanga mkavu nunua, utafurahi. Nunua na hedfoni maana upepo wa pwani wameza sauti, na kile kisanduku cha betri hakina mpira wa kuzuia maji, kifunge nailoni kabla hujasogea karibu na mawimbi.