Seti ya taimingi ya Aisin kwa Subaru EJ20 ya tabo: nunua boksi zima, usinunue mkanda peke yake

Ukifungua boneti ya Impreza WRX, Forester ya tabo au Legacy GT iliyotoka Japani, tazama kwanza mifuniko ya plastiki iliyo mbele ya injini. Gereji nyingi za Japani hubandika stika yenye tarehe na kilomita za siku mkanda wa taimingi ulipobadilishwa. Stika ikiwepo, una pa kuanzia hesabu. Isipokuwepo, chukulia kwamba mkanda ni ule ule wa kiwandani, hata kama dashibodi inasoma kilomita 68,000. Mpira unazeeka kwa miaka pia, na kilomita za dashibodi zinaweza kurudishwa nyuma. Kwa gari la 2004, miaka peke yake imeshatosha kuuhukumu mkanda.

Injini ya magari haya, EJ20 ya tabo, ina kamshafti nne (shafti zinazofungua vali) na vali 16, na haisamehe. Pistoni na vali zinapita katika nafasi ile ile, kila moja kwa zamu yake, na anayepanga zamu ni mkanda. Ukikatika au ukiruka meno ya kutosha, vali zinapinda. Zaidi ya hapo, vali za kuingiza na za kutolea zinaweza kugongana zenyewe kwa zenyewe bila hata kuguswa na pistoni. Ukifika hapo ni kuteremsha hedi zote mbili, na wengi huishia kutafuta injini ya mtumba.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi ni kwamba mara nyingi mkanda si wa kwanza kufa. Kinachotangulia ni beringi ya aidla, yaani zile puli zinazouongoza mkanda, au tenshena ya haidroliki, yaani kinachoukaza mkanda, au pampu ya maji inayozungushwa na mkanda huo huo. Beringi ikikauka grisi inapata joto, inalegea, mkanda unakwenda upande na kuliwa ukingoni. Gari linaburutwa hadi gereji, mkanda unaonekana umechanika, lawama anabebeshwa mkanda. Ndiyo maana tathmini hii ni ya seti nzima ya Aisin, kampuni ya vipuri ya Kijapani: mkanda mpya juu ya beringi za miaka 20 ni pesa iliyotupwa.

Seti ya EJ20 ya tabo inakuja na mkanda mmoja, tenshena ikiwa na puli yake, aidla mbili laini, aidla moja yenye meno na pampu ya maji. Aisin hawatengenezi kila kitu humo wenyewe. Pampu ni yao. Mkanda kwa kawaida huwa wa Mitsuboshi, na beringi huwa na chapa za watengenezaji wa Kijapani kama NTN, NSK au Koyo. Hilo si kasoro, ni sifa, kwa kuwa hao ndio wanaoviuzia viwanda vya magari. Ubora wake haupishani kwa maana yoyote na vipuri vyenye boksi la Subaru, na bei ya seti iko chini kuliko ukinunua kimoja kimoja kwa wakala.

Kuna upungufu. Oili sili za kamshafti na ya mbele ya kranki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) hazimo. Ziongeze kwenye oda yako, maana oili ikivuja juu ya mkanda mpya inaulainisha mpira na kuuua kabla ya wakati wake. Angalia pia gasketi ya pampu ya maji: ukikuta ya karatasi, iache na ununue ya chuma ya Subaru. Tofauti ya bei ni ndogo, kuvuja ni kazi yote kurudiwa. Termostati nayo inunuliwe ya Subaru. Inaanza kufunguka kati ya nyuzi 76 na 80, na umbo lake ni kubwa kuliko zile za bei rahisi, ambazo hupitisha maji machache na kuifanya EJ20 ichemke kwenye mlima.

Sasa, ununuzi wenyewe. Kirinyaga Road Nairobi na Kariakoo Dar es Salaam utapata seti halisi na utapata boksi zuri lenye vitu vibaya ndani. Agiza kwa namba ya chesisi na msimbo wa injini, usiseme tu "WRX ya 2004", kwa sababu mkanda wa EJ ya kamshafti mbili hauingii kwenye EJ ya kamshafti nne. Fungua boksi kabla ya kulipa. Soma chapa iliyochongwa kwenye kila beringi. Kisha izungushe kwa kidole: beringi mpya iliyojaa grisi inazunguka kwa uzito na kusimama mara moja. Ikiendelea kuzunguka yenyewe kwa muda mrefu, grisi ni haba. Mkanda uwe na mistari ya rangi iliyochapwa safi na usiwe na alama ya kukunjwa. Mkanda uliokunjwa kwa pembe kali umeshavunjika nyuzi za ndani hata kama nje unang'aa.

Mkanda wa mashindano wa Gates una nyuzi zenye nguvu zaidi na tunauheshimu kwa injini iliyobadilishwa kamshafti na kuzungushwa juu sana. Kwa gari la kwenda kazini na safari ya Mombasa au Arusha hauongezi kitu, kwani beringi zitafika mwisho wake kabla ya mkanda.

Ufungaji ndio unaoamua kama seti hii itadumu. Fundi anayeijua EJ anaanza kwa kuondoa feni za rejeta na kuikinga rejeta kwa kipande cha ubao au katoni. Bolti ya puli ya kranki ni ya soketi 22. Gari la giaboksi ya kawaida huwekwa gia ya tano na breki ikakanyagwa. La otomatiki lina tundu juu ya makutano ya injini na giaboksi la kuzuia kranki isizunguke. Kupiga stata ili bolti ilegee ni njia ya mkato inayohatarisha vidole na nyuzi za bolti.

Halafu inakuja alama inayoponza wengi. Sproketi ya kranki, yaani gurudumu la meno linalovaa mkanda, ina mshale, na nyuma yake, kwenye kipande cha chuma, kuna mstari mdogo. Unaolinganishwa na alama ya juu kwenye pampu ya oili ni mstari, si mshale. Mshale unaonyesha pistoni iko juu, na hilo si jambo la mkanda. Fundi akitumia mshale, kamshafti zote zitakuwa nje ya nafasi yake na gari linaweza kupinda vali kwenye mzunguko wa kwanza wa stata.

Upande wa kushoto wa injini, yaani kushoto kwa mtu aliyekaa kwenye kiti, kamshafti zinasukumwa na springi za vali. Mkanda ukitoka zinaweza kuruka zenyewe kwa nguvu. Kifaa cha plastiki au alumini cha kuzifunga sproketi mbili pamoja ni cha bei ndogo, na gereji isiyokuwa nacho isiguse EJ ya kamshafti nne. Zikiruka, zisizungushwe ovyo kuzirudisha; kila moja irudishwe taratibu kwa njia fupi, na ukihisi inagota, simama.

Tenshena mpya huja ikiwa imebanwa na pini. Pini hiyo isitolewe mpaka mkanda uwe umekaa na alama zote zimehakikiwa. Anayerudisha tenshena ya zamani kwa kuibana haraka kwenye jiriwa ikiwa imelala anaharibu sili ya ndani: inatakiwa isimame wima na ibanwe polepole, zaidi ya dakika tatu. Tenshena iliyopoteza oili inajulikana kwa mlio wa kugonga sekunde chache asubuhi injini ikiwa baridi. Wakati huo mkanda umelegea, na hapo ndipo unaporuka meno.

Bolti za tenshena na aidla zinakazwa kwa Nm 39 (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Za pampu ya maji ni ndogo, Nm 12 kwa mpangilio wake, kisha zinarudiwa mara ya pili kwa Nm 12. Usikubali zikazwe kwa kukisia. Zinaingia kwenye alumini. Ya puli ya kranki inatofautiana kwa mwaka na aina, kwa hiyo isomwe kwenye kitabu cha injini husika. Magari ya giaboksi ya kawaida yana vikingio vya chuma karibu na mkanda, na nafasi kati yake na mkanda iwe milimita 1.0, ikipungua au kuzidi kwa 0.5 tu. Vikingio hivyo vinazuia mkanda kuruka gari likishtuka kwenye klachi, na si mara moja vimekutwa vimeachwa kwenye sanduku la bolti zilizobaki.

Aidla moja laini ya chini huachwa ifungwe mwisho, ndipo mkanda unapoingia bila kulazimishwa. Pini ikitoka, kranki izungushwe kwa mkono mizunguko miwili kamili na alama za sproketi zikaguliwe upya. Mistari ya rangi ya mkanda haitarudi kwenye alama baada ya hapo, wala isikutie wasiwasi: kazi yake ilikuwa kuufunga tu.

Kulanti ni lita 7 hadi 8. Jaza polepole kupitia tangi dogo la juu karibu na tabo huku skrubu ya hewa ya rejeta ikiwa wazi, la sivyo hewa itabaki ndani na geji itapanda siku ya kwanza.

Kwa muda wa kubadilisha, Japani huhesabu kilomita 100,000, na Marekani WRX za mwanzo zilipewa maili 105,000 au miezi 105. Kwa barabara za vumbi, hasa kama mpira wa ukingo wa mifuniko umepotea, tunashauri 80,000 au miaka saba, kinachotangulia.

Wanaokwepa haya yote kwa kununua Forester ya tabo ya kuanzia mwishoni mwa 2012, yenye injini ya FA20, wanapata cheni. Cheni haina kilomita za kubadilishwa, lakini tenshena yake inasukumwa na presha ya oili, kwa hiyo oili chafu au pungufu ndiyo adui. Badilisha kila kilomita 5,000. Mlio wa cheni asubuhi unaorefuka wiki hadi wiki, au misimbo ya hitilafu P0016 hadi P0019 kwenye mashine ya kupimia, ni dalili za cheni kurefuka au tenshena kuchoka, na mfuniko wake umebandikwa kwa silikoni, hivyo gharama ya kazi inazidi ya mkanda kwa mbali.

Seti ya Aisin tunaipa 9 kwa 10. Moja imepotea kwa sili zisizokuwemo. Fundi akimaliza, mwambie akurudishie vipuri vya zamani vyote, uvihesabu: mkanda mmoja, tenshena moja, aidla tatu, pampu moja.