Huduma ya kusomewa mswada wa riwaya mjini Mwanza

Mwandishi wa riwaya anayeishi Mwanza hana milango mingi ya kubisha anapotafuta mtu wa kumsomea mswada kabla ya kuupeleka kwa mchapishaji, ndiyo maana naona inafaa kuieleza huduma ya mwalimu mstaafu wa Kiswahili anayefanya kazi hiyo katika chumba kidogo katikati ya mji. Hupokea mswada uliochapwa upande mmoja wa karatasi, mistari ikiwa imeachana vya kutosha, na malipo huhesabiwa kwa ukurasa, nusu ikitangulia.

Kinachonivutia zaidi ni mpangilio wa kazi yake. Mara ya kwanza husoma mswada wote bila kushika kalamu, kisha huandika barua inayohusu muundo pekee: nani anataka nini, sura ipi inarudia kazi ya sura nyingine, na msomaji anachoka wapi. Tahajia haigusi katika hatua hiyo, kwa kuwa hakuna faida ya kusafisha aya ambayo huenda ikaondolewa kesho.

Katika sura yangu ya wavuvi, watu walikuwa ziwani wakivua dagaa usiku wa mbalamwezi, na mhusika mkuu akautambua uso wa ndugu yake kwa mwanga huo. Pembeni mwalimu aliandika swali moja tu: "Mwezi ukiwaka hivi, dagaa watafuata taa gani?" Kila aliyekulia karibu na mwalo wa Kirumba anajua kwamba dagaa huvuliwa usiku wa giza, wakivutwa na taa, kwa hiyo mwezi ulilazimika kuondolewa katika sura hiyo. Ulipoondolewa, utambuzi ule ulihamia kwenye mwanga wa karabai, karibu kabisa na maji, ukawa mfupi na wenye hofu kuliko ulivyokuwa, na sura mbili zilizofuata zikadai kuandikwa upya.

Nisichokubaliana naye ni tabia ya kuyasanifisha mazungumzo, hata pale mhusika anapochanganya Kisukuma kwa makusudi. Hapo mwandishi hana budi kutetea ndimi za watu wake, na kwa bahati njema mwalimu husikiliza hoja.

Kusubiri ni kwa majuma kadhaa. Nakala za kompyuta hapokei, hivyo walioko Bukoba au Musoma watalazimika kutuma karatasi kwa basi.