Kopo la "spread": kwa mkate sawa, kwa keki soma asilimia kwanza

Kopo la manjano analolibeba mteja kutoka dukani kwa jina la siagi mara nyingi halikuandikwa siagi. Likigeuzwa ubavu, chini ya picha ya mkate, kuna maandishi madogo: fat spread, au low fat spread. Hilo ndilo neno la kusoma kabla ya bei, kwa sababu ndilo linaloamua kama kilichomo kitafaa kwa keki, kwa chapati, au kwa mkate peke yake.

Kwa Kiingereza neno spread ni mtumishi wa kazi zote. Sisi shuka tunaitandika, mpunga tunauanika, habari tunazieneza, moto unasambaa, ndege anakunjua mabawa, na siagi tunaipaka. Wenzetu vitenzi vyote hivyo wamevifungia neno moja. Likifika kwenye kopo linageuka jina la kitu: cha kupakwa. Tazama ujanja wake: linataja matumizi, halitaji kitu chenyewe ni nini. Siagi ya maziwa ina masharti yake. Viwango vya kimataifa vya vyakula, viitwavyo Codex, vinaitaka iwe na mafuta ya maziwa yasiyopungua asilimia 80 na maji yasiyozidi asilimia 16. Majarini nayo inaanzia mafuta asilimia 80. Kilicho chini ya hapo huangukia kundi la spread, na kundi hilo ni pana mno: makopo mawili yanayofanana rangi na harufu yanaweza kuwa moja la asilimia 70 na jingine la asilimia 40.

Mchezo huohuo uko kwenye karanga. Marekani, ili kopo liitwe peanut butter lazima karanga ziwe asilimia 90. Zikipungua, jina linashuka na kuwa peanut spread. Jibini nayo hivyohivyo: ile ya kusindika inayouzwa kwa jina la cheese spread huko inaruhusiwa maji zaidi ya asilimia 44 hadi 60. Kwa hiyo ukikutana na neno hili kwenye lebo, jiulize ni jina gani kubwa ambalo bidhaa haikuruhusiwa kulibeba.

Sasa tuipime kwa kazi iliyoundiwa. Kwenye mkate, spread inaishinda siagi ya maziwa, tena kwa mbali. Siagi ikitoka kwenye friji ni jiwe, inachana slesi. Spread ina mafuta mengi ya kimiminika ambayo hayagandi kwa baridi ya friji, hivyo kisu kinapita laini saa hiyohiyo. Gramu 10 zinatosha slesi moja. Udhaifu ni kwenye tosti: ile ya asilimia 40 ikipakwa juu ya tosti ya moto inayeyuka, maji yanazama ndani na tosti inalegea. Iache ipoe dakika moja kwanza. Kwenye uji wa mtoto haina tatizo, ila mzazi anayeiweka ili kuongeza nguvu ajue hesabu: kijiko cha chakula, gramu 15, cha asilimia 80 kina gramu 12 za mafuta, cha asilimia 40 kina gramu 6 tu.

Keki ndiko vilio vinakotokea. Chukua mapishi ya kawaida yenye siagi gramu 250. Siagi halisi inaleta mafuta gramu 200 na maji yasiyozidi gramu 40. Weka badala yake spread ya asilimia 40, uzito uleule: mafuta yameshuka hadi gramu 100, na umemwaga maji ya ziada zaidi ya gramu 100, chini kidogo ya nusu kikombe, bila kujua. Dalili zinaanza mapema. Ukiipiga na sukari haigeuki nyeupe na kufura, inabaki kama losheni, kwa sababu mapovu ya hewa yanashikwa na mafuta yaliyoganda kiasi, na hapa hayatoshi. Yai la pili likiingia, mchanganyiko unakatika kama maziwa yaliyoharibika. Ukitia unga, yale maji yanauamsha utepe wa ngano (gluten, inayofanya donge livutike), nawe unapozidi kukoroga unazidi kuukaza. Keki inatoka nzito, inavutika kama mkate, na kesho yake imekauka. Mwokaji analaumu baking powder, ambayo haina kosa.

Ya asilimia 70 inaokoleka. Ili upate mafuta gramu 200, pima gramu 285, kisha punguza maziwa ya mapishi kwa vijiko vitatu vya chakula. Ya asilimia 60 inahitaji gramu 333 na kupunguza takriban mililita 90, na hilo linawezekana tu ikiwa mapishi yana maziwa ya kutosha kupunguzwa. Ya asilimia 40 usijisumbue. Ungehitaji nusu kilo, na karibu gramu 290 kati ya hizo ni maji.

Biskuti ndizo zinazochekesha, maana hapa neno linarudi kwenye kitenzi chake. Donge la spread ni legevu tangu mezani. Likiingia kwenye oveni linatandaa kabla unga haujashika, na biskuti kumi na mbili zinakuwa bamba moja. Kuliweka donge kwenye friji nusu saa kunasaidia umbo, hakusaidii mkatiko: biskuti zenye maji mengi hazivunjiki "kach", zinapinda. Nankhatai na vileja visahau kabisa. Vile vinayeyuka mdomoni kwa sababu ya samli, ambayo karibu yote ni mafuta.

Chapati za kuchambuka zinakosewa hivyohivyo. Mafuta yanayopakwa juu ya duara kabla ya kulikunja na kulisokota kazi yake ni kutenganisha matabaka. Paka spread yenye maji mengi na donge linayanywa yale maji, tabaka linagandana na tabaka, unapata chapati nene isiyochambuka hata uipige vipi. Tumia mafuta ya kula au samli. Ndani ya donge la mandazi, ambako siagi ni kijiko kimoja au viwili, haidhuru. Kwenye kikaango cha yai, spread inaruka na kuunguza mikono, maana maji yake yanachemka chini ya mafuta, na kama kuna maziwa ya unga ndani, yanaungua na kutia madoa ya kahawia kwenye yai.

Lebo ikiwa imefutika, pima mwenyewe. Yeyusha vijiko vinne kwa moto mdogo bila kukoroga, mimina kwenye glasi nyembamba, isimamishe ndani ya maji ya moto nusu saa. Mafuta yanapanda juu, maji yenye ukungu yanakaa chini. Pima kwa rula. Makadirio tu, lakini tofauti ya 40 na 80 utaiona kwa jicho. Ikigoma kujitenga, soma viambato: wanga au jelatini hushikilia maji yasitoke, na hiyo yenyewe ni dalili kuwa maji ni mengi.

Dukani, fungua kifuniko ukiruhusiwa. Matone ya maji juu, au chembechembe kama semolina, maana yake kopo liliyeyuka juani likaganda upya. Friji hailirudishi katika hali yake. Kwenye viambato liache lenye maneno partially hydrogenated, yaani mafuta yaliyogandishwa kiasi kiwandani kwa hidrojeni: hayo ndiyo mafuta ambayo Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 lilitaka yaondolewe kwenye vyakula hadi kufikia 2023. Nyumbani tumia kisu kikavu kisicho na makombo. Maji mengi ndani ya kopo ni karamu ya ukungu, na ndiyo sababu utakuta E202, kihifadhi cha kuzuia ukungu, kwenye orodha.

Uamuzi: nunua ya asilimia 70 ikiwa jikoni pana nafasi ya kopo moja tu. Ya 40 ni ya meza ya chai, na ikiuzwa bei moja na ya 70, unalipia maji ya bomba.